Mbegu ya Najua

Wahenga hawakuwa na haya ya kuyataja mambo kwa majina yake. Walimwona mgonjwa anayeteseka huku amejifunika gubigubi, hataki mganga auone ugonjwa wake. Walimwona mwanamke aliyeshikwa na uchungu akibishana na mkunga asimfunue. Wakasema neno moja zito: mficha uchi hazai. Hawakuwa na maana ya mwili peke yake. Kila binadamu ana upungufu asiopenda uonekane, na anayeuficha hata mbele ya wale wawezao kumsaidia, hubaki nao ukimla taratibu kama mchwa alavyo nguzo. Aliyeyajua maneno haya kwa machungu yake alikuwa mkulima mmoja, mwanamke ambaye watu walimwita Najua.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Alilichuma mwenyewe kwa ulimi wake. Ukimwambia mvua mwaka huu imechelewa, atakujibu, "Najua." Ukimwambia gauni lake limechanika mgongoni, mahali ambapo hata akigeuza shingo hapaoni, "Najua." Mumewe, fundi baiskeli mwenye kibanda pale njia panda, alizoea kuwachekesha wateja kwamba siku akifa, watakaotumwa kumpasha mkewe habari wasishangae wakijibiwa vivyo hivyo. Watu walicheka, na Najua mwenyewe alicheka nao. Hakuna aliyejiuliza neno hilo lilikuwa likiziba tundu gani.

Tundu lenyewe lilikuwa hili: Najua hakujua kusoma. Mama yao alifariki yeye akiwa msichana mdogo, akamwachia ndugu wa kiume ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua. Baba alikuwa mtu wa vibarua, leo huku kesho kule. Basi Najua aliacha shule kabla herufi hazijamkaa kichwani. Alimbeba ndugu yake mgongoni, akamlisha, akamwogesha, na umri ulipofika akampeleka shuleni kwa mkono wake mwenyewe, akasimama nje ya dirisha la darasa mpaka mtoto aliponyamaza kulia. Ndugu huyo alisoma, akamaliza, akajenga jirani na dada yake na kulima kama yeye. Katika miaka yote hiyo hakupata kufahamu kwamba dada yake, aliyekuwa akiyapokea madaftari yake na kuyatazama kwa makini huku akitikisa kichwa, alikuwa akitazama michirizi ya wino tu.

Ndugu alipooa, wivu ulipata makao. Mke aliyemleta alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na kusoma kwake kulikuwa kama maji ya kunywa. Jioni mtu na mkewe walikaa barazani, mke akisoma kwa sauti kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, mume akisikiliza na kuangua kicheko. Najua aliwaona kupitia ua wa minyaa uliozitenga nyumba zao, na kila kicheko kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. "Mimi ndiye niliyembeba," alijisemea. "Huyu amekuja mti umekwisha kukua, kazi yake ni kukaa kivulini." Usoni alimchekea wifi yake, akamwazima ungo na kinu. Moyoni alimwandama kwa kila kitu: khanga mpya, bati jipya, hata jinsi kuku wake walivyotaga bila kuruka siku.

Mwaka mmoja bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akitafuta mahali pa kuoteshea mahindi ya mbegu mpya ili watu waje wajionee na kujifunza. Alizunguka, akapima, akachota udongo na kuuponda kiganjani. Mwishowe alichagua shamba la ndugu yake Najua, akamkabidhi yule wifi kazi ya kuwakaribisha wageni na kuwasomea maelezo. Alieleza kwamba shamba lile liko kando ya barabara, kila apitaye ataliona. Najua hakuikubali sababu hiyo hata chembe. Alimwuliza mumewe kama barabara imepita pale jana. Fundi, mikono imejaa grisi, alimjibu kwamba barabara ipo tangu zamani, na kwamba hata yeye angejenga kibanda chake ndani huko vichakani asingeziba pancha hata moja. Lilikuwa jibu la haki, na kwa hiyo lilimkera zaidi.

Kibao kilipigiliwa pale shambani: Shamba Darasa. Tangu siku hiyo miguu ya watu haikukatika. Walipita mbele ya mlango wa Najua, wakamsabahi, wakaendelea. Akawa kama daraja, watu wanamkanyaga kwenda kwa mwingine. Siku ya mkutano wa kwanza, bwana shamba alichukua namba za simu ili wakulima watumiwe mashauri ya kilimo kwa ujumbe mfupi. Najua, asije akaambiwa amepitwa, alikwenda akaitaja namba yake mapema kuliko wote, kisha akaondoka kabla mafunzo hayajaanza, kwa kisingizio cha goti.

Ujumbe ukaanza kuja. Simu ililia ndani ya pindo la khanga, akaitoa, akakunja uso mbele ya mwanga wake, akasema, "Haya nayajua," akairudisha. Mumewe naye hakujua kusoma, ila yeye hakuona aibu kusema. Watoto wao walikuwa wakubwa, wamekwenda kutafuta maisha mjini. Msomaji wa karibu zaidi alikuwa upande wa pili wa minyaa. Kwenda kumwambia yule mwanamke, "Nisomee," Najua aliona ni afadhali simu itumbukie kisimani.

Mavuno yalipofika, mahindi ya wifi yalijaa punje hadi nchani, kila hindi zito kama gongo. Ya Najua yalikuwa membamba, mengine yana mapengo kama kinywa cha kizee. Kwenye mashine ya kusaga hapakuwa na mazungumzo mengine. Mwenye mashine, mtu wa maneno ya mkato, alisema tangu aanze kazi hiyo hajaona unga mweupe vile. Najua alisimama foleni na debe lake kichwani akiyasikiliza, na kila sifa aliyopewa wifi ilimwingia kama chumvi kwenye kidonda. Alirudi nyumbani sura imemsawijika, mumewe akadhani anaumwa.

Kila mwaka, baada ya mavuno, ndugu yake alikuwa na desturi ya kumletea gunia la mahindi, shukrani ya mgongo uliombeba. Safari hii wifi alilileta pamoja naye. Alikaa ukumbini, akamwambia kwa upole kwamba hayo ni ya kusaga, wale washibe, na kwamba msimu ujao kikundi cha Shamba Darasa kitaagiza mbegu kwa pamoja ili bei iwe nafuu. "Njoo tukuandikishe, wifi," alisema. "Ni kuandika jina lako na kutia sahihi, basi." Hakujua amegusa donda. Najua alijiona ameshika kalamu mbele ya kadamnasi, hajui pa kuanzia, watu wanatazamana. Akajibu kwamba atafikiria.

Wageni walipoondoka, alifungua gunia lile, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Punje zilikuwa nene, ziking'aa. Akakata shauri hapo hapo. Mama yake alimfundisha, naye mama alifundishwa na mama yake, kwamba mbegu njema hutoka katika hindi jema. Maisha yake yote alifanya hivyo na shamba likamlisha. Na kwa mbegu za kienyeji mafunzo hayo yalikuwa ya kweli. Kwa nini basi akaandikishwe, akapangiwe, akamwite wifi mwalimu, ilhali mbegu hii hapa imekuja yenyewe mlangoni? Alilificha gunia uvunguni mwa kitanda. Wakala yale mahindi yao yenye mapengo, na mumewe alipouliza gunia la shemeji liko wapi, aliambiwa mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Laiti angeishia kujipandia mwenyewe, pengine hadithi hii isingekuwa na uzito. Lakini wivu hauridhiki kupata, hutaka pia kuonekana. Jirani na kisima aliishi mwanamke mzee aliyelea wajukuu wake yatima, na watu walimwita Bibi wa Kisimani. Huyo alikuwa na kipande kidogo cha ardhi na hakuwa na simu. Siku moja alimwuliza Najua kama amesikia lolote kuhusu hizo mbegu mpya, maana miguu yake haimfikishi mikutanoni. Najua alitazama upande wa minyaa, kisha akamwambia kwamba hakuna haja ya mikutano, mbegu anazo. Akampimia bakuli likafurika.

Habari zikaenea. Wengine wawili watatu wakaja, akawapimia nao. Walimwuliza zinapandwaje, akawaambia kama zinavyopandwa zote. Walimwuliza kazitoa wapi, akasema mtu mzima ana njia zake. Kwa mara ya kwanza tangu kibao kile kipigiliwe, kiti cha barazani kwake kilikaliwa na watu waliomsikiliza. Alionja utamu huo, ukamlevya kuliko pombe.

Wifi alisikia. Asubuhi moja, Najua akifagia uwanja, alimwita kutoka ng'ambo ya minyaa.

"Wifi, nasikia umegawa mbegu. Ni yale mahindi tuliyoleta?"

"Hata kama ni hayo, si mlinipa?"

"Tulikupa kwa moyo mweupe. Ila nataka nikwambie, yale si ya kupanda. Mbegu hii ukiirudia..."

"Najua," Najua alimkatiza. Aliuegemea ufagio wake, akamtazama toka utosini hadi miguuni. "Au umeona watu wanakuja kwangu sasa? Kibarua chako kimepata mwenzake, roho inakuuma?"

Wifi aligeuka, akaingia ndani. Najua alifagia kwa nguvu mpya, vumbi likatimka. Aliamini kabisa kwamba mwenye wivu ni yule mwingine.

Mvua zilinyesha vizuri. Mahindi ya Najua yaliota yote, ya kijani kibichi, naye akawa anapita kwenye mipaka ya shamba lake akiimba. Lakini yalipoanza kupanda juu, yakawa kama watoto wa mama mbalimbali waliokusanywa uwanja mmoja. Bua hili refu na jembamba, lile fupi kama limekalishwa kitako. Mengine yalitoa mbelewele mapema, mengine yamelala. Palilia apalilie, mahindi yaliyotungwa yalikuwa ya ukubwa wa kidole gumba, na mabua mengi hayakutunga kitu. Ng'ambo ya minyaa, shamba la wifi lilisimama sawa kama askari wa gwaride.

Najua hakuuliza mtu. Badala yake, akiwa kwenye mashine ya kusaga, alitamka maneno ambayo hata mdomo wake uliyaogopa yakishatoka: kwamba yapo mahindi ambayo mtu hupewa yakiwa yamekwisha kusemewa, na kwamba si kila anayekuchekea anakutakia mema. Hakutaja jina. Hakuhitaji kulitaja. Maneno hayana miguu lakini hukimbia, na kabla unga wake haujapoa yalikuwa yamefika kwa ndugu yake.

Alikuja mchana kweupe, hakupiga hodi. Najua alikuwa amekaa chini ya upenu akichambua mboga.

"Dada, umesema mke wangu amekuroga?"

"Sikutaja mtu."

"Sasa nitajie mimi. Ni nani?"

"Wewe nenda kaangalie shamba langu, halafu ukaangalie la kwenu," Najua alisema bila kuinua macho. "Mbegu ni ile ile. Mbona kwake imezaa?"

Ndugu yake alivuta pumzi. Akamweleza kwamba mbegu si ile ile, kwamba mkewe alinunua mpya kama wote waliojiandikisha. Akamwuliza kama hakupata ujumbe kwenye simu, maana kila mkulima alitumiwa, tena zaidi ya mara moja.

"Niliupata. Najua."

"Kama ulijua, ulipandaje?"

Najua aliendelea kuchambua mboga. Ndugu yake aliona pengine ujumbe haukufika, akanyoosha mkono kuomba simu aangalie. Najua alisita, kisha akalifungua pindo la khanga na kuitoa, kwa kuwa kukataa kungeuliziwa sababu. Ujumbe wote ulikuwamo, umejipanga mmoja juu ya mwingine, na hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Ndugu yake akaufungua mmoja na kuusoma kwa sauti: "Ndugu mkulima, mbegu chotara hupandwa mara moja tu. Usitumie mavuno yake kuwa mbegu ya msimu ujao." Akafungua wa pili. Ulikuwa wa mbolea. Wa tatu ulikuwa wa nafasi kati ya mashina. Kadiri alivyosoma ndivyo sauti yake ilivyopungua, mpaka ikazimika. Alimtazama dada yake, na dada yake alitazama mboga.

"Dada," alisema taratibu, "hujui kusoma?"

Najua alizisukuma mboga kando.

"Tangu lini?"

"Tangu nikubebe," Najua alisema.

Mwanamume yule mzima alikaa chini mavumbini, mahali pasipo na mkeka. Ule moto aliokuja nao ulikuwa umezimika wote. Alisema kwamba kama dada angemwambia, yeye angemsomea, hata kila siku. Najua alimwuliza angemwambiaje mtoto aliyerudi mbio kutoka shule, kafungua daftari, anamtazama dada yake usoni aone kama amefurahi. Kisha mtoto akawa mtu mzima, na uongo nao ukakua pamoja naye, na uongo uliozeeka haufukuziki kirahisi. Ndugu yake aliinuka, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akamwahidi kwamba siri hiyo itabaki kati yao. Hata mkewe hatamwambia.

Hivyo Najua alikuwa na njia ya kutokea. Angeweza kunyamaza, akala hasara yake kimya kimya, na watu wangesema mwaka ulikuwa mbaya. Alikusudia kufanya hivyo. Lakini kesho yake, alipokwenda kuteka maji, alipita kwenye kipande cha Bibi wa Kisimani na miguu ikamgomea.

Shamba la bibi yule lilikuwa baya kuliko lake. Mabua yalisimama kama vijiti vya kuegeshea nyavu. Mzee mwenyewe alikuwa amepiga magoti akitifua udongo kwa mikono, akifukia samadi kidogo aliyoiokota njiani. Alipomwona Najua uso wake ulichanua.

"Afadhali umekuja, mwanangu," alisema. "Nadhani mkono wangu ndio wenye makosa. Mbegu uliyonipa ilikuwa nzuri, mimi nimeikosea. Niambie nimekosea wapi, maana sina mwingine wa kumwuliza. Wewe ndiye unayejua."

Najua alitegemea alaumiwe. Lawama angeijibu, ulimi wake ulikuwa na majibu tele. Lakini kuaminiwa namna ile kulimvunja. Aliwatazama wajukuu wakicheza pembeni ya shimo la takataka, akafikiri watakula nini mvua zikikatika. Akaitua ndoo.

"Bibi, hukukosea wewe," alisema. "Nilikupa nisichokijua."

Akamwinua mzee, akamshika mkono. Mwendo ulikuwa wa polepole kwa sababu ya miguu ya bibi, na njia nzima Najua alitamani iwe ndefu zaidi. Siku hiyo ilikuwa ya mkutano. Watu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha nyumba ya ndugu yake, bwana shamba akieleza habari za wadudu, wifi amesimama kando yake na karatasi mkononi. Najua alipotokea, minong'ono ilipita kama upepo kwenye mabua makavu, kwani maneno ya kwenye mashine kila mtu alikuwa ameyasikia. Wengine walijiweka sawa kusubiri ugomvi.

Alisimama katikati yao. Safari hii hakusingizia goti.

"Nina swali," alisema. "Ila kwanza niseme. Mahindi yangu hakuyasemea mtu maneno. Wifi yangu alinipa chakula, mimi nikakifanya mbegu, nikawagawia wenzangu. Alikuja kunionya, nikamfukuza. Na ujumbe wa kwenye simu sikuusoma kwa sababu kusoma sijui. Sijapata kujua. Sasa nauliza: kwa nini mbegu ile imekataa, na mtu aliyekwisha kuipanda afanye nini?"

Kijana mmoja alicheka nyuma, akanyamazishwa kwa kiwiko. Najua alikisikia kicheko kile, masikio yakamwaka moto, lakini hakukaa. Bwana shamba alimgeukia wifi ajibu. Wifi alikuwa akimtazama Najua kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Alizungumza kwa sauti ndogo. Alisema mbegu chotara ni mtoto wa wazazi wawili wa koo tofauti, na nguvu zake zote ni za uzao wa kwanza. Ukiyapanda mavuno yake, ule umoja unavunjika, kila punje inamfuata babu yake: huyu mrefu, yule mfupi, mwingine tasa. Haikuwa uchawi wala mkono mbaya. Bwana shamba akaongeza kwamba mvua bado zipo. Wayang'oe mabua yaliyokataa, wapande kunde za muda mfupi kati ya mistari. Majani yake yataanza kuchumwa mapema, na punje zitakomaa kabla ardhi haijakauka. Mbegu ya kunde, alisema, mtu anaweza kuitunza mwenyewe mwaka hadi mwaka.

Ndipo yakatokea ambayo hakuna aliyeyatarajia. Mwenye mashine ya kusaga alikohoa, akasema hata yeye alirudia mbegu yake, shamba liko nyuma ya kilima, ndiyo maana hakuna aliyeliona. Mwanamke aliyekaa karibu na mlango akasema simu yake huwa anampa mwuza chumvi wa dukani amsomee, na mwuza chumvi husoma anachotaka. Mwingine akasema kusoma anajua, ila maneno yale ya vipimo hayaelewi na aliona haya kuuliza. Bwana shamba aliiweka chini kalamu yake. Misimu miwili alikuwa akituma ujumbe akiamini umefika.

Wakakubaliana kwamba kuanzia hapo kila ujumbe utasomwa kwa sauti siku ya mkutano, na wasioweza kufika watapelekewa habari nyumbani kwa zamu. Zamu ya kwanza, ya Bibi wa Kisimani, ilichukuliwa na Najua.

Siku ya kupanda kunde, wifi alikuja na jembe lake bila kuitwa. Walilima kipande cha bibi, mmoja akichimba vishimo, mwingine akifukia. Kisha wifi aliacha kufukia.

"Siku ile uliponikatiza pale kwenye minyaa," alisema, "ningeweza kusema tena. Sikusema. Nilifurahi uliponikatiza. Nilisema, acha apande, ataona."

Najua alinyoosha mgongo.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kwangu kila siku ni dada, dada. Dada alinibeba, dada alinilisha. Nikipika, dada ndiye aliyepika vizuri. Mimi nimesoma, ndiyo, lakini sina changu ndani ya nyumba ile ambacho hukukitangulia. Ningekwambia mapema, bibi asingepanda."

Najua alimtazama yule mwanamke aliyemwonea kijicho miaka yote, kumbe naye Najua alikuwa akionewa kijicho kutoka upande wa pili wa ua. Hakujua acheke au alie. Akasema tu, "Basi tufukie, jua linapanda," na wakaendelea.

Isidhaniwe kwamba wivu ulikufa siku ile. Wivu si mbegu chotara. Hurudi wenyewe kila msimu pasipo kupandwa. Kicheko cha barazani bado kilimgusa Najua mahali fulani. Lakini sasa alivuka minyaa, akaketi nao, simu mkononi, na wifi alimwonyesha herufi moja baada ya nyingine huku fundi baiskeli akichungulia nyuma ya bega, akidai yeye anajifunza kwa bahati mbaya tu. Kunde za Bibi wa Kisimani zilitambaa zikafunika ardhi. Wajukuu walikula majani yake, baadaye wakala punje zake, na njaa iliyowanyemelea ilipita mbali na mlango wao. Msimu uliofuata Najua alijiandikisha. Jina lake liliandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi zimepinda huku na huku kama mabua ya shamba lile baya, lakini linasomeka. Alinunua mbegu mpya, akauliza nafasi, akauliza mbolea, akauliza tena alichokwisha kuuliza, na shamba lake likabeba kama ambavyo halijapata kubeba.

Ardhi ilikuwa ile ile, mvua zile zile, na mikono ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwenye shamba alikubali kufunua pale alipokuwa amepafunika tangu utotoni. Kwani mtu, kama lilivyo shamba lake, hana uzazi gizani: mficha uchi hazai.